Amana Iliyomo Ndani ya Kontroli Boksi

Katika barabara itokayo Lindi kwenda Masasi, ambayo Mtama ni kituo chake kimojawapo, magari mengi yapitayo ni yale yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuvushwa bahari: Noah za abiria, IST za teksi, Hilux na Land Cruiser za idara na mashirika. Tangu lilipofunguliwa Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, njia ya kuyafikisha magari hayo kusini imekuwa nyepesi, na nyuma yake imefuata mashine ya kupimia gari, hata fundi ambaye zamani alitegemea sikio na uzoefu wake peke yake, leo huchomeka waya chini ya usukani, akasoma kosa katika kioo, akalifuta. Neno langu ni juu ya jambo linalopasa kutangulia kufuta, na kutangulia kufungua, na kutangulia kubadili. Nalo ni kuchukua nakala ya yale yaliyoandikwa ndani ya kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo ya gari, na kuiweka mahali pa salama. Ni kazi isiyozidi saa moja, aghalabu hupuuzwa, na hasara ya kuipuuza humwangukia mwenye gari.

Gari la siku hizi halina kontroli boksi moja. Injini ina yake, na gia boksi, na breki za ABS, na eabegi, na dashibodi, kadhalika milango na taa katika magari mapya zaidi. Ndani ya kila boksi mna mambo ya namna tatu, na asiyeyapambanua hawezi kuyahifadhi. La kwanza ni programu yenyewe, yaani amri alizoziandika mtengenezaji, za kupima mafuta na kuamua wakati wa moto wa plagi. La pili ni mpangilio, yaani maelezo ya gari hili mahsusi: lina gia boksi ya namna gani, funguo zake ni ngapi, vifaa gani vimo na vipi havimo. La tatu ni mazoea ambayo boksi limejifunza lenyewe kwa kutembea: throto ifunguke kiasi gani injini inapounguruma gari likiwa limesimama, mafuta yaongezwe au yapunguzwe kiasi gani, gia iingie kwa wepesi gani.

Katika mambo hayo matatu, programu huweza kupatikana tena kwa mtengenezaji, na mazoea gari hujifunza upya likiendeshwa, japo mara nyingine huhitaji kuongozwa kwa mashine. Walakini mpangilio ni mali ya gari moja tu duniani. Ukipotea, hakuna duka la Kariakoo wala la Dubai liuzalo badala yake, na fundi hubaki kubahatisha. Ndiyo maana nakala ya mpangilio ndiyo iliyo na thamani kuliko zote.

Tazama nozeli za dizeli. Katika Hilux na Prado nyingi zenye injini ya 1KD-FTV, kila nozeli imeandikwa kichwani mfululizo wa tarakimu na herufi 30. Huo ni ushahidi wa kipimo kilichofanywa kiwandani, kwa maana hakuna nozeli mbili zilizo sawasawa kabisa, na mfululizo huo huliambia boksi la injini ni kiasi gani cha mafuta kipunguzwe au kiongezwe katika silinda ile. Boksi likibadilishwa bila ya maneno haya kuhamishwa, injini hugonga, hutetemeka ikiwa imesimama, na hutoa moshi, na mwenye gari huambiwa kuwa nozeli zimekufa hali ya kuwa zi nzima. Fundi aliyezisoma namba hizo kwa mashine akaziandika kabla ya kutoa boksi, huziingiza katika boksi jipya kwa utulivu. Asiyeziandika hana budi kuzitafuta juu ya nozeli zenyewe, katika mafuta na masizi, na pengine maandishi yamekwisha kufutika.

Tazama pia kinga ya wizi. Ufunguo wenye chipu hutambuliwa na gari kwa sababu alama yake imehifadhiwa katika kumbukumbu, na katika Toyota kadhaa kumbukumbu hiyo ni kichipu chenye miguu 8, kidogo kuliko ukucha, kilichobanwa juu ya ubao wa boksi. Boksi la mtumba lililotoka katika gari jingine huja na alama za funguo za gari lile, na injini haitawaka hata fundi akiwa hodari namna gani. Hapo mashine ya kuchomeka chini ya usukani aghalabu haitoshi. Hutakiwa kifaa cha kusoma kichipu chenyewe. Kanuni ya wastadi ni kukisoma mara mbili na kulinganisha mafaili mawili yaliyopatikana. Yakitofautiana hata kwa herufi moja, mguso wa waya si mzuri, na nakala hiyo si ya kuaminiwa.

Msomaji atauliza kwa nini mashine moja husoma gari hili na hushindwa na jingine, ilhali matundu yake ya kuchomekea ni sawa. Marekani iliwashurutisha watengenezaji kuweka mfumo mmoja wa upimaji tangu magari ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayakuwa chini ya sheria hizo. Kwa hiyo Toyota ya zamani kidogo yaweza kuwa na tundu lile lile la pini 16, walakini lugha isemwayo ndani yake ikawa ya mtengenezaji peke yake. Fauka ya hayo, magari hayo hayana namba ya chasi yenye alama 17 ambayo mashine nyingi huitegemea kulitambua gari. Yana namba fupi inayoanza kwa alama ya aina, mathalani NCP60 kwa IST au AZR60 kwa Noah. Fundi hana budi kulisoma bamba kwa macho yake na kuchagua aina ya gari mwenyewe.

Basi kazi yenyewe ifuate taratibu. Kwanza apime umeme: pini ya 16 ya tundu hupokea umeme wa betri, na ya 4 ni ya ethi. Mita ikionyesha chini ya volti 12 baina ya pini hizo, betri ichajiwe kabla ya jambo jingine lolote. Taa, redio na feni ya ubaridi vizimwe, swichi iwashwe bila ya kuwasha injini, na laptopu iwe na chaji ya kutosha. Pili, ayasome maboksi yote, si la injini pekee, na ahifadhi ripoti kamili ya makosa kabla ya kufuta hata moja, kwa kuwa kosa lililofutwa huondoka na ushahidi wa hali ya injini wakati lilipotokea. Tatu, ahifadhi mpangilio wa kila boksi, namba za nozeli, na idadi ya funguo, kisha apige picha ya karatasi iliyobandikwa juu ya boksi, maana namba ya kipuri iliyo hapo ndiyo itakayotumika kulitafuta la mfano wake. Nne, jina la faili libebe tarehe, namba za gari, jina la boksi na kilometa zilizosomwa, na nakala mbili ziwekwe mahali pawili, moja yake mikononi mwa mwenye gari. Hata kutoa betri tu kunastahili hadhari hiyo, kwa kuwa redio nyingi za Kijapani hujifunga zikikosa umeme na kudai namba ya siri.

Mashine nazo hutofautiana kwa daraja. Kile kifaa kidogo kinachounganishwa na simu husoma makosa ya injini, nacho kina faida yake, ila hakichukui mpangilio. Techstream ya Toyota huingia ndani zaidi katika magari ya kampuni hiyo. VCDS hufanya hivyo kwa Volkswagen na jamaa zake, na FORScan kwa Ford, ambako mpangilio wa boksi huweza kuhifadhiwa kama faili na kurudishwa. Kurudisha kuna sharti kubwa kuliko kusoma: umeme ukikatika katikati ya kuandika, boksi laweza kufa papo hapo, basi chaja ya kuimarisha volti iwepo. Na nakala ya gari moja isiandikwe abadani katika gari jingine kwa kudhani kuwa yanafanana.

Watu wa pwani hii wana sababu ya kuifahamu thamani ya nakala. Khabari za masultani wa Kilwa zilizoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 tunazisoma leo kwa sababu zilinakiliwa. Asili yake imepotea, na kilichobaki ni nakala ya karne ya 19 iliyohifadhiwa London, pamoja na muhtasari alioutia Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Lau asingekuwapo mwenye kunakili, tungekuwa na magofu bila ya simulizi yake.

Nasi tulio mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilometa 400 tuna sababu nyingine. Mwezi Mei mwaka 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara katika wilaya ya Kilwa, kipuri kilichokuwa Dar kilikuwa kama hakipo. Faili lililomo ndani ya flashi ya mwenye gari halihitaji barabara.

Mwisho ni dhamana. Nakala hii ina alama za funguo na kilometa za gari, na asiye mwaminifu aweza kuitumia kughushi ufunguo au kudanganya mnunuzi. Kwa hiyo fundi aihesabu kuwa amana ya mteja, asiigawe wala asiiuze. Nawe mwenye gari, siku utakapolipeleka gereji, kabla bisibisi haijagusa kitu, muulize fundi wako: umekwisha kuchukua nakala? Akijibu la, mwombe aanze na hilo, na ujira wake umlipe kwa moyo mweupe.