Mafia: Herufi mbili zinazofichua umri wa baiskeli ya Kijapani

WANUNUZI wa baiskeli za mtumba kutoka Japani kisiwani Mafia hawana budi kutazama zaidi ya rangi, ambayo fundi yeyote aweza kuipaka upya. Upande wa ndani wa mkono wa pedali, iwapo ni wa kampuni ya Shimano ya mjini Sakai, mara nyingi huwa na herufi mbili zilizogongwa: ya kwanza ni ya mwaka, kuanzia A ya 1976 hadi Z ya 2001; ya pili ni ya mwezi, A ikiwa Januari. HC, basi, ni Machi 1983.

Huo ni umri wa kipuri hicho tu. Breki na gia zikiafikiana nacho, fremu nayo yaelekea ni ya wakati huo. Ukuukuu si dosari: fremu ya chuma ikikatika huchomelewa, ya aluminiamu humsumbua fundi, ingawa chuma nacho huliwa upesi na chumvi ya bahari.