Kuunda au Kusubu? Boti ya Faiba na Msamiati wa Vyombo katika Mwambao wa Swima

Makala haya yanahusu chombo kimoja pamoja na maneno yanayokizunguka. Chombo chenyewe ni boti ya faiba yenye kuendeshwa kwa moteri. Swali tunalokusudia kulijibu ni hili: je, msamiati wa Kiswahili wa uundaji wa vyombo, ambao umelelewa na ubao na msumari kwa karne nyingi, unaweza kumwongoza fundi anayefanya kazi kwa nyuzi za kioo bila kumpotosha? Rai yetu ni kwamba maneno mengi yanahamia kwenye faiba bila taabu, lakini yapo machache ambayo yakihamishwa hivihivi huweza kuzamisha watu.

Tumeichagua Swima, katika wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini, kuwa mahali pa kuyapimia mambo haya. Swima ipo kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika njia itokayo Uvira kwenda Baraka. Milima inakaribia sana maji, na Barabara ya Taifa namba 5 huharibika kila masika. Kwa hiyo ziwa ndilo barabara ya pili, na mara nyingine ya kwanza. Kiisimu mahali hapa pana utajiri wa pekee. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kibembe. Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ni lugha ya soko, ya kanisa na ya gati. Aidha, wenyeji wengi wa Fizi waliishi ukimbizini katika makambi ya Kigoma, kama Nyarugusu na Lugufu, na kuanzia Oktoba 2005 meli zikaanza kuwarejesha kupitia Baraka. Walirudi na mizigo yao, na Kiswahili cha Tanzania kikiwa miongoni mwake. Ndiyo maana katika ufuko mmoja mtu aweza kusikia moteri na esanse kutoka Kifaransa, na pia injini na petroli kutoka ng'ambo ya ziwa.

Ikumbukwe kwamba vyombo vya kwanza vya mashine katika ziwa hili vilifika vikiwa tayari, au vikiwa vipande. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikaletwa Kigoma katika masanduku yapatayo 5,000 na kuunganishwa upya. Boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilisafirishwa mwaka 1915 kutoka Cape Town kwa reli, kwa kukokotwa porini na kwa mto hadi kwenye ufuko wa Kongo. Hizo zilikuwa za mbao za mkangazi, na mjadala wa vita vyake tunawaachia wanahistoria. Linalotuhusu ni kwamba faiba ina tabia tofauti. Malighafi yake hufika kama mapipa ya kimiminika na majora ya kitambaa, na mwili mzima wa chombo huweza kuzaliwa papo hapo ufukoni. Fundi wa ziwani hupata nafasi ya kuwa muundaji, na hapo ndipo anapohitaji maneno.

NGOZI KABLA YA MIFUPA

Kitenzi kuunda kina maana pana siku hizi; tunaunda kamati na tunaunda maneno. Hata hivyo matumizi yake ya asili yanahusu vyombo vya majini, na kutokana nacho tumepata kiunzi, yaani mifupa ya kitu. Uhusiano huo wa maneno una mantiki yake. Katika mashua ya misumari, kwa kawaida mkuku hulazwa kwanza, mihimili ya omo na tezi husimamishwa, mataruma hupangwa, na ubao hupigiliwa juu yake. Mwenye kuunda huanza na kiunzi.

Boti ya faiba huanza na ngozi. Kwanza hutengenezwa kielelezo cha ukubwa kamili, cha mbao au cha chombo kilichopo, kilicholainishwa mpaka kung'aa. Juu ya kielelezo hicho huchukuliwa kalibu, ambayo ni ganda nene lenye umbo la nje la boti. Kalibu ikishatoka hupakwa nta mara kadhaa, na boti hujengwa ndani yake, kutoka nje kuja ndani. Rangi, ambayo katika mashua ya mbao ndiyo kazi ya mwisho, hapa ndiyo ya kwanza: tabaka la resini yenye rangi, unene wa takriban nusu milimita, hupakwa juu ya nta kabla ya kitu kingine chochote. Hufuata mikeka ya nyuzi za kioo. Mkeka wa gramu 450 kwa mita mraba, ukishalowa vizuri, huongeza unene wa karibu milimita moja, na hunywa resini ya kiasi cha mara mbili na nusu ya uzito wake. Fundi huupitishia rola ili kutoa mapovu ya hewa, kwa kuwa kila povu linaloachwa ndani ni mahali ambapo boti itapasuka baadaye. Mataruma huja mwishoni, yakifunikwa kwa mikeka mingine, ili kuikaza ngozi isinepe mawimbi yanapoipiga.

Je, kitendo hiki ni kuunda? Tukikitazama kwa makini, kinakaribiana zaidi na kusubu, kitenzi ambacho mafua chuma wamekitumia tangu zamani kwa kumimina madini katika kalibu. Tunapendekeza kusubu litumike kwa mwili wa boti, na kuunda libaki kwa kazi nzima. Asije mtu akadhani kwamba kuanza na ngozi ni jambo geni kwetu. Mtumbwi wa gogo hauna mifupa kabisa. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa kwa kamba za nazi, ubao kwa ubao, na mataruma yakatiwa baada ya ganda kusimama. Kwa mpangilio wa kazi, basi, boti ya faiba ni jamaa ya mtepe na mtumbwi kuliko ilivyo jamaa ya jahazi. Mwalimu wa ufundi anayeanza somo lake kwa mtumbwi ataeleweka upesi Swima, pengine kuliko yule anayeanza na picha za kiwandani.

Kuhusu resini yenyewe, wapo wanaopendelea neno ulimbo. Hatukubaliani nao. Ulimbo hunasa ndege kwa sababu haukauki. Resini ina faida kwa sababu inakauka na hairudi tena kuwa kimiminika. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi. Resini hugandishwa kwa kuchanganywa na dawa ambayo mafundi huiita hadina, kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2, na katika joto la mchana wa ziwani huweza kuganda ndani ya ndoo kabla haijafika kwenye mkeka. Kwa hiyo kazi hufanywa asubuhi, kivulini, kwa ndoo ndogondogo, na mbali na moto, maana mvuke wake unashika moto na unaumiza mapafu. Lipo pia onyo ambalo halipaswi kukosekana katika mwongozo wowote wa Kiswahili: dawa ya kobalti inayoharakisha ugandaji na hadina hazichanganywi zenyewe kwa zenyewe hata kidogo, kwani hulipuka. Kila moja huingia katika resini kwa wakati wake. Mfasiri anayeziita zote mbili "dawa" amemtega fundi.

MAJI NGAMANI

Tukija kwenye kalafati, tunakuta neno linalohama na kubadilika maana. Kukalafati ni kuziba nafasi kati ya ubao na ubao kwa pamba na mafuta. Mashua mpya ya mbao huvuja kidogo siku za kwanza. Mbao hufura, mianya hujibana, na nahodha hana wasiwasi akiona maji ngamani. Boti ya faiba haina mianya ya kukalafati. Maji yakionekana ndani yake baada ya mvua na mawimbi kuondolewa katika hesabu, hiyo ni dalili ya jeraha: tundu la skrubu lisilozibwa, au ufa uliotokana na kuburuzwa juu ya mawe. Desturi ya kuvumilia maji kidogo, ambayo ni hekima katika chombo cha mbao, hapa ni uzembe.

Zaidi ya yote ni suala la kuelea. Katika Kiswahili tunasema chombo kimezama hata pale ambapo mashua ya mbao imejaa maji na kubaki imelala juu ya uso wa ziwa, watu wakiwa wameing'ang'ania. Mvule mkavu una uzito wa takriban theluthi mbili za uzito wa maji. Ubao wake hauendi chini. Faiba ina uzito wa mara moja na nusu wa uzito wa maji. Boti ya faiba iliyojaa maji, kama haikuwekewa kitu cha kuibeba, inakwenda chini yote, na Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470. Mtu aliyekulia katika mitumbwi anajua kwamba chombo kikipinduka asikiachie. Ujuzi huo unamfaa tu ikiwa muundaji wa boti ya faiba ametimiza wajibu wake.

Wajibu huo unahesabika. Tuseme mwili wa boti una kilo 300. Ukiwa majini wote, unasukuma maji lita 200 tu, kwa hiyo unapungukiwa na kilo 100. Moteri iliyozama inaongeza kilo 50 hivi. Abiria kumi na wawili walioshika kingo, miili yao ikiwa ndani ya maji, tuwahesabie kilo 10 kila mmoja. Jumla ni kilo 270, na lita moja ya povu gumu la plastiki hubeba chini kidogo ya kilo moja. Zinatakiwa basi si chini ya lita 300 za povu, zilizofungiwa chini ya viti na kwenye mbavu za pande zote mbili. Madumu matupu yaliyofungwa barabara na kukazwa yasichomoke hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo. Tatizo la kiisimu ni kwamba sehemu hii haina jina, na kitu kisicho na jina huonekana kama nafasi iliyopotea, inayoweza kuondolewa ili mzigo uongezeke. Tunapendekeza iitwe vielezi, kwa kufuata kitenzi elea. Wanasarufi watalalamika kwamba neno hilo ni lao, lakini muktadha utawatenganisha.

Kuifunga moteri kunahitaji maneno machache zaidi. Ukuta wa tezi, mahali inapopachikwa, hutengenezwa kwa plaiwudi ya milimita 40 hadi 50 iliyofunikwa kwa faiba pande zote. Kila tundu la bolti hupakwa resini ndani. Lisipopakwa, maji hupenya, plaiwudi huoza kimyakimya, na siku moja moteri hung'oka pamoja na ukuta wake. Kimo cha ukuta hufuata mguu wa moteri: sentimita 38 kwa mguu mfupi, 51 kwa mrefu. Ukiwa juu mno, rafadha, au pangaboi kama wengi wasemavyo, huvuta hewa na boti haiendi.

Kabla ya safari ya kwanza, boti ipelekwe kwenye maji yanayomfika mtu kifuani, pale pale ufukoni. Mahali pa moteri pawekwe mzigo wenye uzito unaolingana nayo, kisha boti ijazwe maji hadi kingoni, na watu kumi na wawili waishike. Ikishuka chini ya mikono yao, irudishwe bandani na kuongezewa vielezi.