Tuwahi Kanda Kabla Hazijanyamaza

Wasomi wenzangu, kanda za kamera za video zilizomo makabatini mwetu zinachakaa, na mitambo ya kuzichezea inaadimika. Funai ya Japani iliacha kuunda ya VHS mwaka 2016. Wala hakuna njia ya mkato: kanda ya kale ya saa moja huchukua saa nzima kuhamishiwa kwenye kompyuta. Basi nichague. Naanza na wazee wa Mukogodo, Laikipia, wakizungumza Kiyaaku, lugha ambayo jamii yao iliiacha ikashika Kimaasai. Harusi (yangu ikiwamo!) zitasubiri. Msamiati tumeuandika, bali jinsi mzee anavyoivuta irabu, mkono ukiufuata mzinga wa nyuki anaoutaja, hayo daftari haliyajui. Walimu, fungueni makabati ya shule muhula huu.