Kupakua Nyimbo Mtandaoni: Njia Zilizopo na Hatari Zake kwa Darasa la Kiswahili

Kila muhula unapoanza, walimu wa Kiswahili hutafuta nyimbo, na sababu zinajulikana. Mwanafunzi aliyekulia Mbarara au Gulu, ambaye nje ya darasa husikia Runyankore, Acholi au Luganda, mara nyingi Kiswahili chake cha kwanza cha hiari ni kile cha bongo fleva anachokisikia redioni au ndani ya matatu. Wimbo humzoesha viambishi vya nafsi na njeo bila kumchosha, nao hurudiwa mara kumi bila mtu kulalamika. Zoezi gani la kitabuni lina bahati hiyo? Hata hivyo, wimbo sharti utolewe mahali, na kwa zaidi ya miaka ishirini sasa mahali hapo pamekuwa ni mtandao. Katika makala haya tutaeleza njia ambazo watu wamezitumia kupata nyimbo kwa kompyuta na simu, na hatari ya kila moja, hasa kwa sisi ambao nyimbo ni vifaa vyetu vya kufundishia.

Tuanze na istilahi, maana ndani yake mna nusu ya maelezo. Kupakua ni kutoa chakula chunguni au kushusha shehena chomboni. Kupakia ni kinyume chake, yaani kuweka shehena chomboni. Wanaisimu watakumbuka kwamba kiambishi cha utenduzi ndicho kinachotofautisha maneno haya mawili. Istilahi za kompyuta ziliyachukua yote mawili, nazo zilifanya vyema, isipokuwa kwa jambo moja: katika programu za kushirikishana mafaili, vitendo hivi viwili haviachani. Anayepakua anapakia pia, mara nyingi bila kujua. Msomaji akilishika hilo, mengi yanayofuata yatamwelea.

Programu ya kwanza iliyojulikana sana ni Napster, iliyotolewa Juni 1999 na kijana wa Marekani, Shawn Fanning. Nyimbo zenyewe hazikukaa kwenye kompyuta za Napster. Zilibaki katika kompyuta za watumiaji, na Napster ilishika orodha tu ya nani ana nini. Tuifananishe na soko lenye karani mmoja mlangoni: unamuuliza, anakuelekeza kwenye kibanda, nawe unachukua mwenyewe. Udhaifu wake ulikuwa ni huyo karani. Kampuni za muziki zilifungua mashtaka Desemba 1999, mahakama ya rufaa ikaamua dhidi ya Napster Februari 2001, na ilipofika Julai mwaka huo huduma ilizimwa. Ukimwondoa karani, soko limekwisha.

Waliofuata walijifunza kutokana na hayo. Gnutella, iliyotokea Machi 2000, haikuwa na karani kabisa. Kila kompyuta iliuliza jirani zake, nao wakawauliza jirani zao, mpaka wimbo ukapatikana. LimeWire ilitumia utaratibu huo. Kazaa ya mwaka 2001, kazi ya Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark (ndio hao hao walioleta Skype mwaka 2003), ilizipa kompyuta zenye nguvu zaidi jukumu la kuwatafutia wenzao. Kuzima mfumo wa namna hii ni kazi ngumu, ila kampuni iliyoutengeneza ilishtakika. Juni 2005 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Grokster kwamba mwenye kusambaza chombo kwa nia ya kuchochea uvunjaji wa hakimiliki anawajibika. Kazaa ilipatana na kampuni za muziki mwaka 2006 kwa malipo ya zaidi ya dola milioni 100. LimeWire ilifungwa kwa amri ya mahakama Oktoba 2010, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 105. Jina la LimeWire lilinunuliwa na watu wengine na kufufuliwa mwaka 2022 kwa biashara tofauti kabisa. Kwa hiyo anayekuahidi leo LimeWire ile ya zamani, muulize kwanza ameweka nini ndani yake.

Katika nchi zetu programu hizi zilifika kwa shida. Mpaka nyaya za baharini zilipoanza kufika pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka 2009, mtandao wetu ulitegemea setilaiti. Wimbo wa dakika nne katika mpangilio wa kawaida wa MP3 una ukubwa wa takriban megabaiti 4, na kwa modemu ya simu ulichukua zaidi ya dakika kumi iwapo laini haikukatika. Pamoja na hayo watu walizitumia, na hatari zake zinafaa kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa hazikufa pamoja na programu hizo.

Hatari ya kwanza ni ile ya kupakia bila kujua. Programu ilipowekwa kwenye kompyuta iliuliza ni folda gani itakayogawiwa watu wengine. Aliyebofya haraka, au aliyeelekeza folda yake yote ya hati, aliwafungulia walimwengu kila kilichokuwamo. Kamati ya Bunge la Marekani ilisikiliza ushahidi kuhusu jambo hilo Julai 2007, kwa kuwa hati za kodi, za hospitali na hata za serikali zilikuwa zikionekana katika programu hizo. Sasa fikiria kompyuta ya ofisi ya idara, ambamo rasimu ya mtihani wa mwisho na alama za wanafunzi hukaa katika folda moja na nyimbo za Jumamosi. Hapo hahitajiki mwizi. Mtu yeyote anayetafuta neno linalolingana na jina la faili atalipata.

Hatari ya pili ni ya kisheria, nayo inatokana na hiyo ya kwanza. Septemba 2003 chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani kiliwashtaki watu 261 kwa mkupuo. Aprili mwaka huo huo wanafunzi wanne wa vyuo vikuu walikuwa wameshatangulia. Kesi iliyovuma zaidi ni ya mama mmoja wa Minnesota, ambaye folda yake ya Kazaa ilionekana kuwa na nyimbo zaidi ya 1,700. Alishtakiwa kwa nyimbo 24 tu kati ya hizo, na baada ya mizunguko mingi ya mahakama, mwaka 2012 ilibakizwa hukumu ya dola 222,000. Ushahidi ulihusu hasa nyimbo zilizokuwa wazi kwa wengine kuzichukua; mzigo ulikuwa upande wa kupakia. Mashtaka hayo yalikuwa ya Marekani na chini ya sheria ya huko, na mwishoni mwa 2008 chama hicho kilitangaza kuacha kuwashtaki watu kwa wingi namna hiyo. Lakini mwanafunzi wetu anayekwenda kusoma ng'ambo anafaa kujua kwamba kila kompyuta mtandaoni ina namba, na namba hiyo huonekana.

Ya tatu ni uongo wa faili lenyewe. Kazaa ilikuja na programu za matangazo zilizojipachika kwenye kompyuta na kufuatilia mwenendo wa mtumiaji. Virusi navyo vilijivika majina ya nyimbo: faili lililoandikwa kana kwamba ni MP3 huwa na mwisho mwingine uliofichwa, ule wa programu. Mwalimu aangalie ukubwa. Wimbo kamili wa kilobaiti 200 haupo. Zaidi ya hayo, kampuni za muziki zilikodi watu wa kumwaga mafaili mabovu makusudi, na mwaka 2003 Madonna aliingiza mtandaoni mafaili ya bandia ambamo waliodhani wameiba wimbo wake walikuta sauti yake ikiwagombeza. Kusema kweli hilo lilichekesha, ingawa halikuzuia kitu.

Hatari ambayo wanaoandika juu ya kompyuta huitaja kwa nadra, na ambayo kwetu ndiyo kubwa, ni jina. Aliyeweka wimbo aliuandika apendavyo, na waliomfuata wakanakili. Chukua mfano wa Malaika. Wengi waliupata kwa jina la Miriam Makeba, na ni kweli aliuimba na kuutangaza duniani. Lakini Makeba alikuwa wa Afrika Kusini. Mapema kabla ya hapo uliimbwa Kenya na Fadhili William, na suala la nani hasa aliyeutunga lina ubishi mrefu, kwani wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya nyimbo za mapenzi akitegemea jina la faili atampa utunzi mtu asiye mtunzi, na atachambua matamshi ya mwimbaji aliyejifunza maneno ya wimbo kana kwamba ni ya mzawa wa lugha. Jambo hili halirekebishwi na programu ya kuua virusi.

Njia nyingine tunaweza kuzipitia kwa kasi. BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, hulikata faili vipande vidogo, na kila anayepokea kipande huwapa wengine papo hapo. Kwa hiyo kupakia si bahati mbaya ndani yake, ndiyo kanuni. Inafaa kwa kitu kinachotakiwa na maelfu kwa wakati mmoja. Kwa taarabu ya zamani haifai sana, kwa kuwa pasipo na mtu aliyewasha kompyuta yenye faili zima hakuna cha kupakua. Ghala za mtandaoni kama Megaupload zilikuwa na urahisi wa kubofya mara moja, lakini ilipofungwa na serikali ya Marekani Januari 2012, waliohifadhi humo kazi zao halali nao walizipoteza. Tovuti zinazogeuza video za YouTube kuwa MP3 hazikufanyi ugawe chochote. Taabu yake ni vitufe vitatu vyote vimeandikwa "pakua", na viwili kati yake ni mitego. Iliyokuwa maarufu sana, youtube-mp3.org, ilifungwa mwaka 2017 baada ya kushtakiwa. Tena, kuchagua kiwango cha juu cha sauti hakusaidii pale ambapo chanzo ni duni. Faili hunenepa tu.

Suala la sauti si dogo kwa mwalimu wa fonetiki. Kubana faili kupita kiasi huanza kwa kupoteza sauti za juu, na humo ndimo zinamokaa vikwamizo kama s, sh, f na th. Mwanafunzi anayehangaika kutofautisha thamani na samani hawezi kusaidiwa na rekodi ambayo tofauti hiyo imeshachujwa. Wimbo ulionaswa kutoka kwenye spika na kutumwa kama ujumbe wa sauti ndio mbaya kuliko zote.

Njia inayotumika zaidi vyuoni, hata hivyo, haihitaji mtandao wowote: ni flashi, kadi ya simu na Bluetooth. Ni ya haraka na haina gharama. Lakini flashi moja inayozunguka mabweni kisha ikaingia kwenye kompyuta ya ofisi husafirisha virusi vizuri kabisa. Kirusi cha Conficker cha mwaka 2008 kilitumia njia hiyo pamoja na nyingine. WhatsApp nayo mara nyingi hulivua faili jina lake na kulivika herufi AUD pamoja na tarehe, hivyo hata lile jina la uongo linapotea.

Upande wa halali umebadilika sana. Duka la iTunes lilipofunguliwa Aprili 2003 kwa senti 99 za Marekani kwa wimbo, sisi hatukuwemo. Spotify iliingia Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi Februari 2021. Mdundo, iliyoanzia Kenya mwaka 2013, hutoa MP3 za kupakuliwa bure huku mwanamuziki akipata fungu lake kutokana na matangazo. Tofauti yake kwa darasa ni kubwa. Nyimbo zinazohifadhiwa ndani ya Spotify hufunguka ndani ya programu hiyo tu, na malipo yakikoma uhifadhi huo nao unakoma. MP3 ni mali unayoweza kuicheza kwenye redio ya darasani, ila utasikia tangazo la biashara kabla ya wimbo. Kwa taarabu, mwenye uwezo anunue santuri za mfululizo wa Zanzibara zilizotolewa na Buda Musique ya Ufaransa. Bei yake si ya mwanafunzi, lakini zinakuja na kijitabu cha maelezo, na idara ikinunua nakala moja ya maktaba itatumika miaka mingi.

Je, mwalimu anaruhusiwa na sheria? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua matumizi ya haki kwa ajili ya kufundishia, mradi yawe ya kiasi na mwenye kazi atajwe. Kuwachezea wanafunzi wimbo na kuuchambua ni jambo moja. Kuchoma CD arobaini na kuziuza kwa gharama ya CD ni jambo jingine, hata faida ikiwa haipo. Sharti la kumtaja mwenye kazi linaturudisha kwenye suala la jina: huwezi kumtaja usiyemjua. Kwa sababu hiyo, kila wimbo unaoingia katika maktaba ya sauti ya idara uwe na karatasi yake yenye jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, bendi, mwaka na mahali ulipopatikana. Pale ambapo mtunzi anabishaniwa, kama katika Malaika, yaandikwe majina yote yanayodaiwa, na nafasi ya mtunzi ibaki wazi.