Upanga Mdogo wa Rweya

Ukitoka Bukoba mjini kwenda Kashozi, migomba ya vibanja hukatika ghafla na rweya hufunguka: nyasi fupi, mawe na upepo wa Ziwa Viktoria. Wageni husema pale hapana kitu. Nawasihi washuke garini mvua zikishashika, wainame.

Katikati ya nyasi kuna bua lililonyooka hadi kiunoni, lenye majani marefu yaliyochongoka. Hiyo ndiyo gladiola ya porini, Gladiolus dalenii. Kwa Kilatini “gladiolus” ni upanga mdogo. Maua yake ni ya rangi ya machungwa iliyokoza, kooni njano. Inua moja kwa kidole uone petali ya juu ilivyojikunja mfano wa kofia. Mvua ya mwambao huu hufikia milimita 2,000 kwa mwaka, lakini chavua chini ya kofia hiyo hukaa kavu. Nekta imo kwenye kina cha mrija, na anayeifuata ni chozi, ndege mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Akizamisha kichwa, hutoka na chavua utosini.

Kiangazi moto ukipita rweya, bua huungua, ila tunguu lililo chini ya udongo hubaki zima. Kila msimu tunguu jipya huumbika juu ya lile kuukuu, na vijitunguu huzaliana pembeni.

Miaka ya 1840 wakulima wa maua wa Ghent, Ubelgiji, waliuza chotara wa ua hili na ndugu yake wa Afrika Kusini. Gladiola nyingi zinazopamba altare leo zina damu hiyo. Parokia ya Kashozi ilianza mwaka 1892, na ndugu wa gladiola za altare yake yuko hapo nje, nyasini.

Kinachoiua gladiola hii ya porini ni kivuli. Rweya inapandwa misonobari na mikaratusi kwa kuwa inadhaniwa ni ardhi tupu. Wahaya hawakuiona hivyo: walikata humo nyasi za kuezekea na kutandaza kibanjani, wakachunga ng'ombe ili samadi iende kwenye migomba, wakalima njugumawe katika omusiri, shamba la humo rweyani. Hata podo, mti wa asili wa Kagera, uko Minziro, kwenye msitu wa kinamasi. Haukuhitaji kilima cha nyasi.

Ndugu unayepanda misonobari Kashozi, acha sehemu ya rweya bila mti hata mmoja. Ua hili haliishi bila jua.