Kitabu cha Mboga Katika Jiko la Kariakoo

Mwezi huu hatuna habari za safari wala za mikutano. Twataka kunena habari za sufuria. Yamkini wako watakaocheka wakisema, Je, mambo ya mchicha nayo huandikwa gazetini? Na yaandikwe. Nyumba nyingi katika mji huu zimeona ugomvi kwa sababu ya kitoweo kuliko kwa sababu ya jambo jingine lo lote, na mshahara wa mwalimu hufika kwa mchinja nyama kabla mwezi haujafika nusu yake.

Tulialikwa katika nyumba ya mwalimu mmoja akaaye karibu na mtaa wa Mkunguni, hatua chache toka soko la Kariakoo. Ni nyumba ya namna ile ya zamani, vyumba sita na ukumbi katikati, na ua nyuma ambapo majiko ya wapangaji yamepangwa ukutani, hata ajuaye kunusa hujua kila jirani anapika nini. Mwaka jana daktari alimpima mwalimu huyu, akamwambia kwamba presha yake imepanda mno. Ameze dawa kila siku, tena apunguze chumvi, mafuta na nyama nyekundu. Mwalimu alirudi nyumbani kimya. Bibi yake naye hakusema neno, lakini usiku ule hakulala, maana watoto ni wanne na mdogo hajaanza shule.

Basi ndugu yake mdogo, afanyaye kazi mjini, alimletea zawadi: kitabu kikubwa cha mapishi, cha Kiingereza, chenye picha nzuri ajabu, nacho kimejaa vyakula vya mimea vitupu. Hamna nyama ndani yake, wala samaki, wala yai, wala maziwa. Bibi alikisoma kwa furaha, akachagua chakula kimoja, akaandika mahitaji yake katika karatasi. Kilitaka lozi, jibini ya soya, mafuta ya zeituni na uyoga wa Ulaya. Akaenda katika duka moja kubwa upande wa mjini, akatoa fedha za chakula za siku nne. Jioni kilipoiva kilikuwa kama uji wa rangi ya kijivu. Watoto wakatazamana. Mwalimu akala kijiko kwa kijiko kama mtu anywaye dawa, akasema, “Ahsante, mama watoto,” kisha akatoka akisema anakwenda kunyosha miguu. Aliporudi alinuka mishikaki.

Bibi alilia, hatufichi. Hakulilia uji, alilia kwa sababu aliona fedha zimekwisha, na mumewe amekula kile kile alichokatazwa. Toka siku ile, majuma matatu, kitabu kikawa cha kuzuia dirisha lisigonge kwa upepo.

Hapa tusimame kidogo tuseme habari za soko lenyewe, maana jawabu lilitoka huko. Wazee wajua kwamba jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwatumia katika vita ya 1914 hata 1918, nao walipiga kambi yao mahali hapo. Jengo kubwa la soko, lenye nguzo zilizotanuka juu kama miavuli, lilichorwa na msanifu wetu Beda Amuli, likajengwa katika miaka ya 1970. Usiku wa Julai 10, 2021 liliungua moto, na wachuuzi wengi wakapoteza mali yao yote. Lakini mitaa inayolizunguka haikuacha kuuza. Hata leo ukipita asubuhi utaona mafungu ya matembele, kisamvu, majani ya kunde, majani ya maboga, bamia, nyanya chungu na mnavu. Na magunia ya kunde, choroko, mbaazi, dengu, fiwi na njugu mawe, yamefunguliwa vinywa. Twasema kwa haki, watungaji wa vitabu vile vya picha nzuri wangekuja hapa wangelipata kazi ya miaka kumi.

Bibi wa mwalimu ana bibi mmoja mzee amwuziaye mboga siku zote. Siku moja alifungasha kitabu katika kikapu chake, akaenda nacho.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona siku hizi wanunua mchicha tu, kama mwenye kufuga sungura?”

Akamfungulia kitabu, akamwonyesha picha, akamwuliza, mboga hii ni mboga gani? Mzee akavaa miwani yake, akatazama sana. “Hii si sukuma wiki? Wameipiga picha vema tu.” Na punje hizi? “Dengu.” Na huu unga wa mafuta uliomwagwa juu? Bibi akasoma maneno yaliyo chini ya picha: ni ufuta uliosagwa. “Basi,” akasema yule mzee, “saga karanga. Umeogopa nini?”

Neno hilo, umeogopa nini, ndilo lililokitoa kitabu dirishani.

Sisi tumekwisha kuona vitabu vingi vya namna hii, na shauri letu ni kwamba mpishi asivisome kama amri. Vimeandikwa kwa watu wenye maduka mengine na majira mengine ya mwaka. Pahali pa kusoma kwa makini si orodha ya vitu vinunuliwavyo, bali kile kinachotendwa: kwa nini mboga hii yachomwa na ile yachemshwa, chachu yatiwa lini, viungo vyakaangwa mwanzo ama mwisho. Mtu akiisha kufahamu hayo, aweza kufunga kitabu na kwenda Kariakoo na kikapu kitupu. Lozi kilo moja na karanga kilo moja si bei moja, tena katika mchuzi kazi yao hukaribiana.

Viko pia vitabu vilivyo karibu nasi zaidi. Meera Sodha, ambaye jamaa zake walikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, alitoa mwaka 2016 kitabu kiitwacho Fresh India, chenye mapishi ya mboga na nafaka za jamii ya kunde. Mwaka 2020 Hawa Hassan, aliyezaliwa Somalia, alitoa pamoja na Julia Turshen kitabu cha In Bibi’s Kitchen, walichokikusanya kwa akina bibi wa nchi nane zinazopakana na bahari ya Hindi ama zilizo karibu nayo, Tanzania ikiwamo. Hicho kina nyama na samaki, lakini mboga zake ni zetu. Na kiko kingine ambacho si cha upishi hasa, nacho twakipenda kuliko vyote: Edible Wild Plants of Tanzania, cha Ruffo, Birnie na Tengnäs, kilichotoka mwaka 2002. Chataja mimea ya porini iliwayo katika nchi yetu, kwa majina ya Kiswahili na ya lugha za makabila, na jinsi kila mmoja unavyoandaliwa. Mwalimu wa sayansi aliye na kitabu hicho hatakosa somo.

Lakini si kila mwalimu mwema ameandika kitabu. Bibi yule alipokuwa akitafuta bizari nyembamba alifika mtaa wa Kisutu, penye mahekalu ya Wahindi, ambako ziko nyumba zisizopika nyama tangu babu na babu. Mama mwenye duka alimwuliza anataka kupika nini. Alipojibiwa dengu, akamfundisha hapo hapo, wateja wakingoja. Dengu zichemshwe peke yake na manjano mpaka zilainike. Kisha mwishoni kabisa, katika kikaango kidogo, mafuta kijiko kimoja yapate moto, zitiwe punje za haradali mpaka zipasuke, halafu bizari nyembamba, kitunguu saumu, na mvuje chembe tu, vyote vimwagwe juu ya dengu vikilia. Mvuje! Sisi wa pwani twaujua kama kitu cha kufukizia watoto usiku, na kumbe majirani zetu wautia katika chakula miaka yote hii. Kwa njia hiyo mafuta kijiko kimoja hunukia kuliko vijiko vitano vilivyotiwa mwanzo, na chumvi kidogo hutosha. Kwa mtu wa presha hilo si jambo dogo.

Na sasa mbaazi, maana hapa tuna uchungu kidogo. Mwaka 2017 nchi ya Bara Hindi, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, iliweka mpaka wa mbaazi zinazoingia kwake. Bei ikaanguka, na wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara wakabaki na magunia. Wengi waliuliza, mnunuzi mwingine atoka wapi? Wachache waliuliza kwa nini sisi wenyewe hatuzili, ila asubuhi moja moja pamoja na maandazi. Tumezoea kusema kwamba kunde na mbaazi ni chakula cha siku ya dhiki. Hata siku za Kwaresima tumeona nyumba zinazoacha nyama na kununua samaki wa bei kuliko nyama yenyewe, zikasema zimefunga.

Bibi wa mwalimu apika mbaazi hivi. Huloweka vibaba viwili toka jioni, asubuhi humwaga maji yale, huzichemsha kwa maji mapya hata zibonyee kwa vidole. Hukuna nazi moja kwa mbuzi, hukamua tui zito akaliweka kando, kisha tui jepesi mara mbili. Tui jepesi hutangulia chunguni pamoja na kitunguu, tangawizi na nyanya. Huachwa likauke karibu yote. Hapo hutia maji ya ukwaju kidogo, jambo alilolipata kitabuni, na mwisho tui zito, akikoroga pasipo kuacha, maana tui lisipokorogwa hukatika. Huepua mara litokotapo. Mwalimu alikula sahani mbili mbele yetu. Hakunyosha miguu.

Chakula kingine ni bilinganya. Ugali ukiisha kuepuliwa, makaa hubaki na moto wa bure. Juu yake huwekwa bilinganya mbili nzima, zikageuzwa hata ngozi iwe nyeusi na ndani iwe laini kama uji. Humenywa, hupondwa kinuni na kitunguu saumu, karanga zilizokaangwa na kusagwa, limau na chumvi chembe. Kitabuni ni ufuta; kwa yule mzee wa sokoni ni karanga. Watoto huchovya mihogo ya kuchemsha.

Yatupasa kuonya pia, kwa sababu vitabu vya picha nzuri husahau. Kisamvu kina sumu kikiwa kibichi: kitwangwe vema, kichemshwe kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, ndipo kitiwe karanga au nazi. Maharage mekundu yasipikwe kwa moto hafifu tu. Yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yatokote kwa nguvu. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma yaliyo katika mboga yasiingie mwilini; limau na machungwa huyasaidia. Mafuta kidogo ya nazi au karanga hayana budi kuwamo, kwani vitamini A ya mboga za majani huhitaji mafuta. Na mboga zioshwe sana. Tena muuza aulizwe zimelimwa wapi, kwa kuwa maji ya bonde la Msimbazi yamechafuliwa, na uchafu mwingine hautoki kwa kuoshwa.

Kuhusu watoto twasema wazi. Iko vitamini iitwayo B12 isiyopatikana katika mimea. Nyumba ipunguzayo nyama haina hofu, madhali mayai, maziwa au dagaa vimo. Lakini atakaye kuacha vyote kabisa, na hasa mama mjamzito au mwenye kunyonyesha, amwone daktari apate vitamini hiyo kwa njia nyingine. Nyumba hii haikuacha vyote. Dagaa huja Jumatano, na Jumapili moja kwa mwezi huchinjwa kuku. Mwalimu bado ameza dawa zake kila asubuhi, na daktari amemwambia asiziache kwa sababu ya dengu. Walakini kipimo kilichopita kilikuwa chema kuliko cha mwaka jana, na deni la mchinja nyama limekwisha kulipwa.

Binti yao mkubwa, aliye darasa la sita, ndiye mwandishi wa jikoni. Ameanza daftari. Ukurasa wa kwanza kulia amenakili chakula cha kitabuni kwa Kiswahili; kushoto ameandika jinsi kilivyopikwa kwao, na chini yake hukumu za wadogo zake: kizuri, hapana, labda. Katikati ya daftari tuliona mlenda wa bibi yake mzaa mama wa Singida, pamoja na majani ambayo binti hakuyajua jina la Kiswahili, akaandika la Kinyaturu, na kuchora jani. Chakula hicho hatujakiona katika kitabu cho chote cha picha. Bibi yule hajui kusoma; alikuwa amekuja kutibiwa macho, akakaa siku tisa, na mjukuu akamfuata jikoni na kalamu.

Tuliomba tulichukue daftari hilo siku mbili, tunakili mlenda ule kwa ajili ya ukurasa huu. Haikuwezekana. Jirani wa chumba cha tatu alikuwa amekwisha kuliazima, na wa chumba cha tano angoja.