Mchanga wa Shela Ndio Kisima cha Lamu

Mtu aliyekulia Pwani hashangazwi upesi na bahari. Hata hivyo, ufuo wa Shela katika kisiwa cha Lamu, ambao tuliuzuru hivi karibuni kwa mara ya kwanza, ulitufanya tusimame kimya kwa muda mrefu.

Kutoka mji wa Lamu hadi kijiji cha Shela ni mwendo wa kilomita 3 hivi. Ukishaupita msikiti wa Ijumaa, wenye mnara wa mviringo uliochongoka juu, na ukaziacha nyuma nyumba za mwisho, mchanga hufunguka mbele yako wala haukomi mpaka umekwenda kilomita 12 hivi. Upande mmoja ni Bahari ya Hindi, ambayo mawimbi yake hufika ufuoni bila ya kuzuiwa na mwamba. Upande wa pili ni vilima vya mchanga vilivyorundikwa na pepo za kusi kwa karne nyingi. Tulitembea saa nzima pasi na kuona kibanda wala ukuta. Tulioonana nao ni kaa waliokimbilia mashimo yao, na mlakasa uliotambaa juu ya mchanga kana kwamba umepewa kazi ya kuushika usipeperuke.

Hapo ndipo, yapata mwaka 1812, majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yaliposhuka kuivamia Lamu yakashindwa vibaya. Lakini si historia hiyo iliyotufanya tushike kalamu leo. Jambo lililotushughulisha zaidi limo chini ya mchanga wenyewe.

Lamu ni kisiwa kisicho na mto hata mmoja. Mvua ya masika inaponyesha, vilima vya Shela huyanywa maji yake, huyachuja polepole, na kuyahifadhi chini. Kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Visima vilivyochimbwa huko ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Hivyo basi, yule anayevitazama vilima hivyo na kuona ardhi iliyolala bure hajui anachokitazama.

Hifadhi hiyo ni dhaifu. Maji yakitekwa kupita kiasi, ya chumvi hupanda kuchukua nafasi yake. Nyumba zikijengwa juu ya vilima, mashimo ya vyoo huvujia kule kule yanakochotwa maji ya kunywa. Mimea iking'olewa, upepo huuchukua mchanga. Na kisima kikishaingia chumvi, hakuna fedha inayoweza kukirudisha upesi katika hali yake ya zamani.

Hatusemi wageni wasije. Mabaharia, wenye nyumba za wageni na wauza samaki wa Shela wanapata riziki kwao, na riziki hiyo ni ya halali. Tunalosema ni kwamba kiwanja chenye kutazama bahari kina bei kubwa, na bei kubwa huwatia watu tamaa. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021, haja ya ardhi na ya maji haiwezi kutarajiwa kupungua.

Sheria haikunyamaza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inahesabu kuwa mali ya umma ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa, pamoja na maeneo ya vyanzo vya maji. Lakini maandishi hayamzuii mtu kujenga ikiwa mipaka haionekani.

Kwa hiyo twawataka wenye mamlaka waiweke mipaka ya vilima vya Shela wazi ardhini, kila mtu aione, na wamhoji yeyote atakayeivuka, awe tajiri au maskini. Mji mkongwe wa Lamu uliwekwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia. Itakuwa aibu kuzitunza kuta zake na milango yake ya nakshi huku wakazi wake wakikosa maji ya kunywa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ya Shela bado hayajamwagika.